Fundi Aliyengoja Ugonjwa Urudi

Kabla ya Juni 2025, safari ya Mwanza kwenda Sengerema ilikuwa na mapumziko ambayo hakuna aliyeyaomba. Unatoka mjini, unapita Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa, unakunja kulia Usagara, halafu barabara inakufikisha Kigongo na kukukabidhi kwa ziwa. Unazima gari, unashuka, unanunua hindi la kuchoma, unangoja kivuko. Siku nyingine nusu saa, siku nyingine saa mbili na zaidi. Ukifika Busisi unawasha gari na kuendelea. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na kungoja kukaisha. Siku hizi tunavuka kwa dakika chache na injini haizimwi.

Ndipo gari langu likaanza kuugua.

Ni Subaru Forester ya petroli, yenye tabo. Mjini lilikuwa zima kabisa. Nililizungusha Kirumba, Pasiansi, Igoma, halikukohoa hata mara moja. Lakini safari ikiwa ndefu, jua limepanda, nimekanyaga mafuta kulipita lori mlimani na tabo imeanza kupiga mluzi, gari lilishtuka kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma. Linaachiwa, linavutwa tena. Mara nyingine lilizima kabisa. Nikikaa kando ya barabara nusu saa, linawaka kama halijawahi kuugua, na nikilipeleka gereji linafika likiwa na afya tele.

Gereji ya kwanza sitaitaja, na waliokuwa pale hawakuwa watu wabaya. Walibadilisha plagi. Gari likatulia wiki moja, wote tukashukuru. Ugonjwa uliporudi wakabadilisha koili, likatulia siku nne. Ikafuata filta, ikafuata sensa ya hewa. Mwishowe wakaniambia tabo imekufa, nitafute nyingine ya mtumba. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu fedha. Ugonjwa unaokuja na kuondoka una hila moja kubwa: kila dawa uliyoinywa siku unapoondoka inaonekana ndiyo iliyoponya. Plagi zilipata sifa isiyo yao, koili ikapata sifa isiyo yake, na mimi nikalipia sifa zote hizo.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza Nyakato, kwa fundi mmoja anayefanyia kazi chini ya mti, na vijana wawili pembeni yake. Nilifika asubuhi. Akaniamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akanipa kiti, naye akakalia galoni lililopinduliwa. Boneti hakuigusa. Alianza kuniuliza maswali, na nimeona baadaye kwamba nusu ya kazi yake iliishia pale kwenye lile galoni.

"Mwalimu, likizima, linazima kama taa au kama mtu anayesinzia?"

"Kama anayesinzia. Linavutwa, linashtuka, linavutwa tena, kisha linalala."

"Na tangi huwa lina kiasi gani?"

Hapo niliona haya. "Robo, fundi. Mara nyingi chini ya robo."

"Likishazima, umewahi kufungua kifuniko cha tangi? Kilivuta pumzi?"

"Nilifungua mara moja. Sikusikia kitu."

"Ukiliacha linawaka baada ya muda gani?"

"Dakika ishirini. Nusu saa."

Akanyamaza kidogo, akaangalia upande wa barabara. "Na zamani, pale kwenye kivuko, ulikuwa unangoja muda gani?"

Nilikaa na swali lile kama mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe. Miezi yote ile nilidhani gari limeanza kuumwa baada ya daraja kufunguliwa. Yeye, katika dakika kumi, alikuwa ameona kwamba huenda liliugua muda mrefu, ila kila safari lilipumzishwa Kigongo kabla ugonjwa haujakomaa. Kivuko ndicho kilichokuwa daktari wake.

Kila swali lilikuwa na kazi. Gari linalozima ghafla kama taa kwa kawaida limekatikiwa umeme: relei, fyuzi, sensa inayohesabu mzunguko wa injini. Linalosinzia limenyimwa chakula polepole. Kifuniko kinachovuta pumzi kwa nguvu kinasema tundu la kupumulia la tangi limeziba, pampu inanyonya na hewa haiingii nyuma yake. Na lile swali la robo ya tangi linatuhusu wengi, maana tumezoea kumwambia muuza mafuta tia ya elfu kumi. Pampu ya gari la petroli imezama ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Ukiendesha siku zote na tangi tupu, pampu inafanya kazi ndani ya joto lake yenyewe. Fundi huyu aliniambia hivyo bila kunikaripia, na tangu siku hiyo sijashuka chini ya nusu.

Inafaa nieleze kwa nini gari la tabo ndilo linalofichua udhaifu wa namna hii. Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka injini unazungusha ya kwanza, ya pili inashindilia hewa kwenye silinda. Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Sisi wa kanda ya ziwa tuna sababu yetu ya kulipenda: maji ya Ziwa Victoria yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu 10 katika 100. Gari la kawaida linapoteza pumzi kwa kiasi hichohicho. Tabo inairudisha, na kuongeza.

Lakini hewa ikiongezeka, mafuta nayo lazima yaongezeke. Katika gari kama langu, pampu hupeleka petroli kwenye bomba linalolisha nozeli kwa presha ya pauni 43 hivi kwa inchi ya mraba, kipimo kilekile tunachojazia upepo kwenye matairi. Tabo ikishindilia hewa ya pauni 12, hewa hiyo inasukumana na petroli kwenye mdomo wa nozeli. Mtu akiusukuma mlango kutoka ndani, wewe wa nje huna budi kuongeza nguvu ileile ili usogee kama mwanzo. Kwa hiyo kuna kidhibiti chenye mpira mwembamba unaosikiliza presha ya hewa, na hewa ikipanda 12, petroli nayo inatakiwa kupanda 12, ifike 55. Pampu iliyochoka inaweza kulilisha gari vizuri kutoka Kirumba hadi Igoma, ikashindwa kwenye mlima wa Bugando. Na ikishindwa pale, hasara haiishii kwenye nguvu. Hewa nyingi na mafuta haba huleta joto kali ndani ya silinda, injini inagonga, na pistoni inaweza kupasuka. Nilipomsimulia jinsi nilivyokuwa nikizidi kukanyaga ili gari "lijikaze", alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

Nikamuuliza kuhusu kompyuta, maana gereji ya kwanza walilipima mara mbili na halikuonyesha pampu. Akasema kompyuta ni shahidi mzuri wa aliyoyaona, ila katika gari hili haina jicho kwenye bomba la petroli. Inakadiria. Inaamini presha iko pale inapotakiwa kuwa, na ikidanganywa haina namna ya kujua isipokuwa kwa harufu ya moshi, kupitia sensa ya kwenye ekzosi. Magari mengi ya dizeli ya siku hizi yana jicho hilo. Langu halina. "Basi tutaliwekea la kwetu," akasema.

Alitaka siku tatu. Siku ya kwanza alitoa petroli kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo, akaiweka juani kwenye ukingo wa ukuta, tukaitazama. Kama ina maji yatashuka chini na kujitenga. Neno uchakachuaji, ambalo leo tunalitumia hata kwa kura na vyeti, lilivuma nchini kutokana na mafuta ya magari kuchanganywa na mafuta ya taa, mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ife. Kwa hiyo dereva wa Kitanzania likimzimikia gari hulaumu kituo cha mafuta kwanza. Petroli yangu ilikaa mpaka jioni, safi kama chai ya rangi iliyopauka. Akaimwaga kwenye kopo la kuoshea vyuma na kulifuta jambo hilo kichwani mwake.

Siku ya pili alikata njia ya petroli karibu na injini, akaingiza tii ya shaba, akaunganisha mpira mrefu na geji. Geji aliipitisha nje ya boneti, akaifunga kwa waya kwenye mkono wa waipa, uso wake ukitutazama sisi tulio ndani. Petroli ibaki nje, tusome kupitia kioo. Kabla ya kuwasha alipitisha kidole kwenye kila klipu, akawasha, akapitisha tena, akanusa kidole. Ndoo ya mchanga ilikuwa hatua mbili kutoka hapo, na kijana aliyekuja na sigara mdomoni alirudishwa mpaka barabarani. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, geji ilisoma 33. Akachomoa ule mpira mwembamba wa kidhibiti, sindano ikapanda 43. Akaurudisha, ikashuka 33. Alifanya hivyo mara tatu, na kila mara sindano ilimjibu. Kidhibiti ni kizima.

Kisha akaeleza tatizo lililobaki, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu hasa. Gari linalopona likipumzika lina washukiwa wawili, na wote wanatoa ushahidi mmoja. Wa kwanza ni uchafu: takataka ndani ya tangi zinanyonywa na kung'ang'ania chujio la pampu, gari likizima zinaanguka chini, njia inafunguka. Wa pili ni joto: kitu cha umeme kinapashwa moto na kazi, kinapoteza nguvu, kikipoa kinarudi. Fundi mwenye haraka angetoa pampu, angefunga mpya na chujio jipya, na pengine angebahatisha. Yeye alisema, "Nikibadilisha leo, sitajua nimeponya nini. Na wewe hutajua. Tutakutana tena barabarani." Akavuta nyaya mbili kutoka juu ya tangi, mahali umeme unapoingilia kwenye pampu, akazileta mpaka kiti cha nyuma na kuzifunga kwenye multimita. Takataka zikiziba chujio, presha itashuka na umeme utabaki palepale. Umeme ukianguka kwanza, chujio halina kosa.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Tuliondoka saa sita mchana, kwa makusudi, jua likiwa la utosi. Yeye aliendesha, mimi nilikaa kushoto na daftari, kijana wake alikaa nyuma akiwa ameikumbatia multimita. Nyegezi hakuna kitu. Usagara hakuna kitu. Darajani ziwa lilikuwa limetulia pande zote mbili, na sindano ilikuwa imetulia vilevile. Niliogopa tutarudi mikono mitupu. Fundi hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliendesha kama mvuvi aliyekwisha kutega, anayejua kuwa nyavu haziharakishwi.

Tulipoiacha Busisi na kuanza kupanda, alikanyaga. Tabo ikalia. Sindano ikapanda 48, 52, 55, ikasimama inapopaswa. Akaachia, akakanyaga tena. Mara ya nne ikagota 50. Mara ya tano ilifika 49, ikatetemeka, ikaanza kurudi nyuma: 44, 40, 36. Gari likavutwa shati. Nyuma kijana alikuwa akisoma kwa sauti ya darasani, "Kumi na tatu nukta mbili... kumi na mbili nukta moja... kumi nukta nane... tisa nukta nne!" Fundi alishaondoa mguu. Hakutaka kuiumiza injini hata kwa sekunde moja zaidi ya ile iliyohitajika kuuona ugonjwa. Akaegesha chini ya kivuli, akageuka kwangu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Umekuja," akasema. Alikuwa anausalimia ugonjwa.

Mbio zake zilianza hapo, maana joto ndilo lililokuwa shahidi na lilikuwa linapoa. Katika gari hili kuna kisanduku kidogo, nyuma pembeni, kinachoamuru pampu: ukienda polepole kinaipa theluthi moja ya nguvu, ukikazana kidogo theluthi mbili, ukikanyaga hasa kinaipa zote. Alimwambia kijana aikanyage injini palepale, akapima umeme unaotoka kwenye kisanduku. Kumi na tatu. Akapima unaofika juu ya tangi. Kumi na kitu. Kwa hiyo umeme ulipotelea katikati, katika urefu wa mkono mmoja wa waya. Akainua kapeti chini ya kiti, akaifuata njia ya waya kwa vidole, akafika kwenye soketi moja ya plastiki, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto.

Aliifungua na kunionyesha. Pini mbili. Moja ilikuwa inang'aa. Nyingine ilikuwa na rangi ya kahawia iliyoungua, plastiki kuizunguka imeyeyuka na kujikunja kama ukingo wa chapati iliyosahaulika. Pini imelegea, ikishikana na mwenzake kwa ncha tu. Umeme mdogo ulipita bila shida. Mkubwa ulipotaka kupita ulipasha moto ile ncha, ncha ikazidi kukataa, ikazidi kupata moto. Nusu saa ya kupumzika, yote yanapoa, kosa linafutika.

Mimi nilidhani tumemaliza. Yeye alichukua kipande cha waya mnene chenye fyuzi, akakivusha juu ya ile pini iliyoungua kama tunavyovuka ziwa siku hizi, akasema twende tena. Tukapanda kilima kilekile mara nane. Sindano ikafika 55 na kubaki. Kisha akasimama, akauondoa ule waya, akairudisha pini mbovu mahali pake. Nikamuuliza, "Fundi, mbona unaurudisha ugonjwa?" Hakujibu. Alikanyaga, akangoja, na katika kupanda kwa sita gari likavutwa shati, sindano ikaanguka. Akarudisha waya, sindano ikapanda. Akafuta mikono kwa kitambaa. "Sasa najua," akasema.

Nimesoma vitabu vingi kuliko fundi huyu, na sijawahi kuona neno *kujua* likitumiwa kwa usafi namna ile. Kuondoa ugonjwa hakukumtosha. Alitaka aweze kuuita na uitike, kuufukuza na uondoke, mara mbili, mbele ya mashahidi, ndipo akubali kuweka jina lake juu ya kazi. Gereji ile ya kwanza ilifundishwa na mazoea kwamba gari likiondoka linaenda vizuri, kazi imekwisha. Hawa wawili wanatumia spana zilezile. Kinachowatenga ni kwamba mmoja anakubali kukaa siku tatu bila kujua, wala haoni aibu.

Tukirudi alinisimulia ndugu wa ugonjwa huu kwenye dizeli, maana Hiace na Land Cruiser za tabo ndizo zinazomlisha. Nyingi kati yake hazina pampu ndani ya tangi. Pampu ya mbele inanyonya, kwa hiyo mpira ukipasuka kidogo haumwagi tone, unaingiza hewa. Yeye hukata mpira wa njia na kuweka kipande cheupe kinachoonekana ndani, akatazama mapovu yakipita. Nozeli akizishuku huzifungia chupa nne za maji ya kunywa, kila moja ikusanye dizeli inayorudi kutoka nozeli yake, na baada ya dakika chache chupa iliyojaa kuliko wenzake inataja mgonjwa. Upande wa presha kubwa hagusi injini ikiwa inawaka, kwa kuwa huko dizeli inafika zaidi ya pauni 20,000 kwa inchi ya mraba na mchirizi mwembamba unaweza kupenya ngozi. Wavuvi wa Mwaloni, alisema, wanayajua haya bila shule. Mashine ya mtumbwi ikizima, wanaminya ule mpira wa duara ulio kwenye njia ya mafuta. Ukibonyea usirudi, njia ya kutoka tangini imeziba au kifuniko cha tangi hakijafunguliwa tundu. Usipokuwa mgumu kamwe, kuna hewa inaingia. Katikati ya ziwa usiku hakuna pa kununua kipuri, mtu lazima ajue.

Kesho yake alikata ile soketi, akaweka mpya yenye pini nene, akaibana kwa koleo lake, akaivuta kwa nguvu kuona kama itaachia. Pampu ilibaki ileile. Tabo ni ileile. Soketi na waya vilinigharimu shilingi 6,000. Kazi alitaja 120,000, akainamisha macho kama mtu anayetegemea kubishiwa, kwa sababu wateja wake wengi humwambia, "Umefunga waya tu." Wanalipa laki nne za pampu wasiyoihitaji bila kunung'unika, kwa kuwa pampu inashikika mkononi, halafu wanashindwa kulipia siku tatu za mtu anayefikiri. Vijana wake wawili wanayaona haya kila wiki, na wao ndio watakaoamua kama watafanya kazi kwa geji au kwa kubahatisha.

Nililipa yote, na laiti ningekuwa na zaidi. Msomaji, ukiwa na gari linalougua na kupona lenyewe, tafuta fundi anayeuliza kabla hajafungua boneti. Mwambie ukweli wote, hata ule wa robo ya tangi. Mwachie funguo siku anazotaka, na akikurudishia gari na kipuri kimoja kidogo kilichoungua kwenye kiganja, mlipe siku zake zote.